Kodi nafuu, maisha ghali: Hesabu za kufanya kabla ya kuhamisha familia



Desemba na Januari ni miezi ya kuhama hapa Dar es Salaam. Shule zimefungwa, kodi za wengi zimekwisha, na barabarani utaziona kirikuu zimepakia makochi, magodoro, mtungi wa gesi na ndoo zilizofungwa kamba. Wengi wa wanaohama wanatoka mjini kwenda pembezoni: kutoka Magomeni, Ilala, Kinondoni na Temeke kwenda Chanika, Kivule, Chamazi, Goba, Madale, Bunju na Kigamboni. Ukimuuliza baba wa familia sababu, jibu mara nyingi ni moja tu: kule kodi ni nafuu.

Makala hii inalitazama jibu hilo. Kodi ni sehemu moja tu ya gharama ya kuishi mahali, na si lazima iwe sehemu kubwa. Zaidi ya hayo, Muislamu anayehamisha mke na watoto ana daftari la pili la kujaza, ambalo dalali hamuulizi: hali ya swala zake, madrasa ya watoto wake na sitara ya mkewe. Watu wengi hulifungua daftari hilo baada ya miezi sita, wakati kodi imeshaliwa na mtoto ameshasahau nusu ya Juzuu Amma.

Tuanze na shilingi, maana ndizo zinazowahamisha watu.

Chukua familia ya watu sita, baba, mama na watoto wanne. Baba anafanya kazi Kariakoo siku 26 kwa mwezi. Wanakaa Magomeni, vyumba viwili na sebule, kodi tuseme shilingi 300,000. Dalali amewapatia nyumba ya ukubwa huo huo Chanika, ndani kidogo kutoka barabarani, kwa shilingi 150,000. Nusu kwa nusu! Baba anaona amepata shilingi 150,000 kila mwezi bila jasho. (Tarakimu hizi ni za mfano, wewe weka za kwako.)

Sasa tuhesabu. Akiwa Magomeni alipanda gari moja kwenda na moja kurudi, tuseme shilingi 600 kila moja, yaani 31,200 kwa mwezi. Chanika anahitaji bodaboda ya 1,000 mpaka barabarani, kisha daladala ya 1,100. Kwenda na kurudi ni 4,200 kwa siku, na kwa siku 26 ni 109,200. Nauli peke yake imeongezeka kwa 78,000. Watoto wawili walio sekondari walikuwa wakienda kwa miguu, sasa wanapanda gari. Kwa nauli ya mwanafunzi ya shilingi 200, wote wawili kwa siku 22 wanatumia 17,600. Maji ya bomba hayajafika kwenye mtaa huo, hivyo mama ananunua madumu manane kwa siku, dumu shilingi 300. Hiyo ni 72,000 kwa mwezi, wakati Magomeni bili yao ilikuwa kama 20,000. Ongezeko ni 52,000.

Jumlisha: 78,000 na 17,600 na 52,000. Unapata 147,600. Katika ile 150,000 aliyodhani ameiokoa, zimebaki shilingi 2,400.

Na hapo hatujaweka chakula cha mchana cha baba, ambaye zamani alikuwa akifika nyumbani kula. Hatujaweka nauli ya mama akienda kliniki au kwa wazazi wake, wala siku ambayo mvua imenyesha na bodaboda amepandisha bei kwa sababu njia ni tope tupu. Mtu wa namna hii mwisho wa mwezi atashangaa fedha zimekwenda wapi, pengine amshuku mkewe, na ugomvi uingie ndani ya nyumba kwa jambo ambalo kalamu na karatasi vingelimaliza kwa robo saa.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta nyumba, andikeni matumizi yenu ya mwezi mzima. Nimesema andikeni, kwa wingi, kwa sababu katika nyumba zetu nyingi baba huacha hela ya matumizi asubuhi na hajui ilivyogawanyika. Anayejua kipimo cha mchele kimefika wapi, mafuta ya kula yanakaa siku ngapi na mkaa unakwisha lini ni mama. Msikilize. Atakwambia pia jambo ambalo wanaume hatulioni haraka, kwamba bei ya chini haitoshi kama kila kitu kinanunuliwa kwa vipimo vidogo dukani kwa mtu mmoja, kwa kuwa soko liko mbali.

Umeme nao una hesabu yake. Mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi huwekwa kwenye bei ya chini, na bei inayofuata ni karibu mara tatu ya hiyo. Nyumba ya kupanga yenye familia nne kwenye LUKU moja itazivuka uniti hizo bila shaka, hata kama wewe una taa tatu tu na redio. Ukiwa na mita yako, utapata faida ya kutumia kidogo. Ukichangia, mwenye friji na mwenye pasi watakuvuta pamoja nao, na kesi za LUKU ni miongoni mwa mambo yanayowafanya wapangaji wasisalimiane. Ulizeni pia kuhusu kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU. Ni kodi ya mwenye mali, lakini anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Ni kiasi kidogo, ila haki haipimwi kwa ukubwa wake, na ni vizuri mkubaliane mapema nani ataibeba.

Daftari la pili

Ndugu msomaji, tumtazame Nabii Ibrahim (a.s.). Alipomweka mkewe Hajar na mwanawe Ismail katika bonde la Makka, mahali pasipo na mmea, aliomba dua ambayo Allah (s.w.) ametuhifadhia katika Surat Ibrahim, aya ya 37. Ukiifuatilia utaona mpangilio wake. Kwanza anataja mahali penyewe, jirani na Nyumba Tukufu. Kisha anataja lengo, wasimamishe swala. Kisha anaomba nyoyo za watu zielekee kwao, yaani wapate majirani na jamii. Mwisho ndipo anaomba riziki ya matunda. Sisi tumeupindua mpangilio huu. Tunaanza na bei, tunafuatia na tailsi, na msikiti tunauulizia Ijumaa ya kwanza baada ya kuhamia.

Mtume (s.a.w.) alipofika Madina alikaa kwa Abu Ayyub al-Ansari (r.a.) mpaka msikiti ulipojengwa, na vyumba vya wakeze vikajengwa ubavuni mwa msikiti. Na Abdulrahman bin Auf (r.a.), muhajiri aliyefika mikono mitupu, alipofanyiwa ukarimu na ndugu yake wa Kiansari aliomba aonyeshwe sokoni. Hapo utaona ibada na utafutaji vikienda pamoja tangu siku za mwanzo za ugeni.

Ipo pia hadithi aliyoipokea Saad bin Abi Waqqas (r.a.) na kuandikwa na Ibn Hibban, inayotaja mambo manne ya furaha ya mtu: mke mwema, nyumba yenye nafasi, jirani mwema na kipando kizuri. Mimi hii huwa nawaambia wanafunzi wangu kuwa ni mizani kamili ya kuchagua makazi. Nyumba imo, mtaa umo, na usafiri umo. Mwenye kuangalia nyumba peke yake ameangalia moja ya nne.

Sasa turudi kwa yule baba wa Chanika. Anatoka kazini saa kumi na moja jioni. Safari yake ni saa moja na nusu, kama hakuna foleni. Maghribi hapa kwetu huingia kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro dakika chache, kutegemea mwezi. Maana yake Maghribi inamkuta ndani ya daladala, amesimama, mkono mmoja umeshika bomba la juu. Wakati wa Maghribi ni mfupi. Akifika nyumbani mara nyingi Isha imeshaadhiniwa. Wapo wanaojifariji kwa kuchanganya Maghribi na Isha kila siku. Katika madhehebu ya Imam Shafii, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, kuchanganya kumeruhusiwa kwa safari na kwa mvua kwa masharti yake. Foleni ya Gongo la Mboto haimo. Na hata wale wanazuoni walioruhusu kwa haja nyingine wameshurutisha isiwe mazoea.

Alfajiri nayo ana mashaka, kwa sababu ili awahi gari lazima atoke gizani. Na kati ya hizo mbili kuna jambo linaloniuma zaidi kama mwalimu: watoto. Akiwa Magomeni alitumia nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Sasa ni saa tatu kwa siku. Tofauti ni saa mbili kila siku, saa 52 kwa mwezi. Saa hizo zilikuwa za nani? Zilikuwa baina ya Maghribi na Isha, baba akiwa mkekani anamsikiliza mtoto Surat Mulk. Tunapokea madrasa watoto waliohamishwa mara mbili kwa miaka mitatu. Wana akili nzuri, lakini kila waliposimama walianzishwa upya, huku kwa msahafu, kule kwa kijitabu cha alifu, na sasa wanaona aibu kukaa na wadogo zao.

Kwa hiyo unapokagua mtaa, usiishie kuuliza kama kuna msikiti. Nenda ukaswali Alfajiri hapo uone safu ngapi. Muulize imamu madrasa inafundishwa siku gani, na ustadhi mmoja ana watoto wangapi. Nenda na shuleni, uulize kama kipindi cha dini kina mwalimu wa Kiislamu, kwani katika shule nyingi kipindi kipo kwenye ratiba na mwalimu hayupo, na watoto hukaa chini ya mwembe mpaka kengele igongwe. Uhamisho wa mwanafunzi pia una taratibu zake za barua kutoka shule moja kwenda nyingine. Ukihama katikati ya muhula, mtoto anaweza kukaa wiki nyumbani.

Je, huko mbali wasihamie Waislamu?

Sisemi hivyo. Banu Salima walikuwa wakikaa mbali na msikiti wa Mtume (s.a.w.), wakataka kuhamia karibu. Mtume (s.a.w.) akawaambia wabaki katika majumba yao kwani hatua zao zinaandikwa. Katika mapokezi ya Anas (r.a.) imo sababu nyingine, kwamba alichukia pembezoni mwa Madina pabaki tupu. Hii ni hoja kubwa kwa anayekwenda pembezoni kwa nia njema. Mitaa mipya inahitaji watu wa kusimamisha jamaa, na misikiti mingi ya pembezoni mwa jiji ilianza kwa turubai na watu watano. Lakini tusiisome hadithi hii nusu. Banu Salima walikuwa mbali na walikuwa wakija. Hatua zinazoandikwa ni za mwenye kutembea.

Na wapo ambao hawana hiari. Hapa nataka kuwataja watu wa nyumba za urithi. Kariakoo, Gerezani, Ilala na Magomeni zilijaa nyumba za wazee wetu. Mzee anafariki, warithi wanauza nyumba kwa mwenye kujenga ghorofa, fedha zinagawanywa kwa mujibu wa mirathi, na ndugu sita waliolelewa ua mmoja wanatawanyika: mmoja Mbagala, mmoja Bunju, mmoja Kigamboni, dada mjane na wanawe Kivule kwa kuwa fungu lake halikufika kwingine. Kugawa mirathi ni haki na hakucheleweshwi. Lakini hakuna aya iliyosema mkishagawana mtawanyike. Ndugu wakikaa kikao kabla fedha haijaanza kumegwa, wanaweza kununua viwanja vilivyo jirani, au wawili wakamchukua dada yao mtaa mmoja nao. Bibi atakayelea wajukuu yuko karibu, mjomba wa kumpeleka mtoto hospitali usiku yuko karibu. Ukijaribu kuvinunua vitu hivyo kwa fedha utajua bei yake.

Wengine wanahamia kwenye nyumba zao wenyewe ambazo hazijaisha, kuikimbia kodi. Madirisha yamezibwa kwa mabati, choo ni cha muda, jirani wa kwanza yuko mita mia mbili. Kwa mwanamume anayeondoka alfajiri na kurudi usiku ni ushindi. Anayekaa humo mchana kutwa na watoto ni mke. Katika Surat Talaq, aya ya 6, Allah (s.w.) ameamrisha wanawake wakalishwe wanapokaa waume, kwa kadiri ya uwezo wao, na akakataza kuwadhuru kwa kuwabana. Aya imeshuka kuhusu walioachwa wakiwa edani. Wanazuoni wakasema, ikiwa aliyeachwa ana haki hiyo, aliye ndani ya ndoa ana haki zaidi. Uwezo mdogo si dhambi, na mke mwema atavumilia nyumba isiyo na plasta. Lakini mlango unaofungika, choo chenye sitara na jirani wa kumuita ni vitu vya kukamilisha kabla ya kupakia kirikuu.

Jirani, ukaguzi na mkataba

Maneno mashuhuri ya kutafuta jirani kabla ya nyumba yamedhoofishwa isnadi yake na wanazuoni wa hadithi, ila maana yake ni sahihi. Imethibiti kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Allah (s.w.) na jirani mbaya katika makazi ya kudumu, kwa sababu jirani wa safarini huondoka. Na jirani si lazima awe Muislamu. Abdallah bin Amr (r.a.) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza kama jirani yake Myahudi amepelekewa. Dar es Salaam tunakaa ukuta kwa ukuta na Wakristo, na wengi wao ni majirani wa kheri. Cha kuangalia ni tabia za mtaa: baa iko umbali gani na dirisha la chumba cha watoto, vijana wanakaa wapi usiku, mwenyekiti wa mtaa anasikilizwa au la.

Nenda mara tatu. Asubuhi ya siku ya kazi, saa ile ile utakayokuwa ukitoka, upande gari uhesabu dakika mwenyewe badala ya kuambiwa na dalali kuwa ni nusu saa tu. Nenda Jumamosi usiku usikie muziki. Kisha nenda mvua ikinyesha. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa watu mabondeni hadi Serikali ikawapeleka Mabwepande, na hao walikuwa wakikaa katikati ya jiji. Alama ya maji ukutani haidanganyi, hata kama imepakwa rangi mpya. Na siku mojawapo kati ya hizo nenda na mkeo.

Kuhusu dalali, ujira wake ni halali ukijulikana na ukiwa kwa kazi halali. Desturi ya mjini ni kodi ya mwezi mmoja. Usitoe fedha ya kodi kabla hujamuona mwenye nyumba na kuthibitisha kwa serikali ya mtaa kuwa ni yake, maana nyumba moja imeshapangishwa kwa watu watatu siku moja. Andikeni mkataba, hata kama mwenye nyumba ni shehe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Surat Baqara 282, imekuja kufundisha kuandika miamala. Muda, kiasi, nani anatengeneza choo kikiziba, na notisi ni miezi mingapi.

Weka pia hesabu ya siku ya kwanza. Katika ule mfano wetu wa 150,000, miezi sita ni 900,000, dalali 150,000, kirikuu na wabebaji tuseme 80,000. Ni 1,130,000 kabla ya kununua hata sufuria. Hapa ndipo wengi huangukia mikopo ya kausha damu, wakaingia nyumba mpya na riba mlangoni. Kama hakuna akiba, bora kuchelewa miezi mitatu kwa mwenye nyumba wa sasa, au kucheza upatu usio na nyongeza, au kuomba kulipa miezi mitatu mitatu. Na wewe mwenye nyumba Muislamu unayesoma gazeti hili, kumkubalia mpangaji miezi mitatu ni sadaka isiyokupunguzia kitu, kodi yako utaipata ile ile.

Ukishakusanya yote haya, mshauriane nyumbani, kisha swali rakaa mbili za istikhara. Istikhara huja baada ya kukagua na kuhesabu, si badala yake.

Siku ya kuondoka, lipa deni la duka la mtaani, maliza bili ya maji, rudisha sufuria za watu na waombe majirani msamaha mmoja mmoja. Muage na ustadhi wa madrasa, mwombe akuandikie mtoto amefika sura gani, karatasi hiyo ikabidhiwe ustadhi mpya siku ile ile mtakayofika.

Wabillahi tawfiq.